Ukikwama kwenye neno la Kiingereza, uliza limetoka wapi

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia. Amejifunza Kiingereza miaka mingi na sarufi anaijua, lakini akikutana na neno ambalo hajawahi kulisikia likitamkwa anaganda, hajui herufi ipi isomwe na ipi iachwe. Akamalizia: "Hivi hii lugha ina kanuni kweli?"

Ujumbe huo ulinigusa pabaya. Swali hilohilo niliwahi kuliuliza darasani. Mwalimu aliandika "debt" ubaoni, akatamka "det". Nikanyoosha mkono, nikauliza hiyo b inafanya kazi gani pale. Akanijibu, "Wewe kariri tu, usilete ubishi." Darasa zima likacheka. Leo nakula jasho langu kwa kutafsiri kutoka lugha hiyohiyo, na kicheko kile bado kinaniuma, kwa sababu swali langu lilikuwa zuri na lilikuwa na jibu!

Waingereza walilipata neno hilo kwa Wafaransa likiwa "dette", halina b hata moja. Baadaye wasomi waliokienzi Kilatini wakakumbuka kwamba Warumi walisema "debitum", wakaipachika b kwenye maandishi ili asili ya neno ionekane. Midomo ya watu haikuwafuata. Kisa cha "island" kinaniudhi zaidi. S yake ilichomekwa kwa kulifananisha na "isle", neno lililotoka Kilatini, ilhali "island" ni Kiingereza cha kale na halikuwa na s tangu mwanzo. Mwanafunzi anakatwa alama kwa kusahau herufi iliyoingia kimakosa!

Halafu kuna hii "ough" inayowatoa watu machozi. Soma kwa sauti: "though" ni dho, "through" ni thru, "cough" ni kof, "rough" ni raf, "bough" ni bau. Zamani gh hiyo ilitamkwa kooni, karibu na kh tunayoisikia kwa wanaotamka "kheri" kwa Kiarabu. Sauti hiyo ikafa. Katika maneno mengine ikageuka f, kwingine ikapotea kabisa, na irabu za jirani zikashika njia zake. K ya "knife" nayo ilitamkwa, ulimi ukaichoka ila kalamu haikuiachia.

Kalamu iling'ang'ania kwa nini? Mwingereza William Caxton alifungua kiwanda cha kwanza cha uchapaji Uingereza, pale Westminster, mwaka 1476. Vitabu vilipoanza kuchapwa, tahajia ikaanza kutulia, na wakati huohuo irabu ndefu za Kiingereza zilikuwa zinahama, safari iliyoanza takriban mwaka 1400 na kuendelea hadi karibu 1700. Kwa hiyo mengi tunayoandika leo ni matamshi ya watu waliokufa zamani.

Basi ushauri wangu ndio huo: uliza neno limetoka wapi. Kamusi kubwa huonyesha asili ya neno, wengi wanaruka sehemu hiyo. Usiruke. Ukishajua kwamba Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, waliiteka Uingereza mwaka 1066 na Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, hutashangaa tena kwamba ng'ombe zizini ni "cow" na nyama yake mezani ni "beef", kondoo ni "sheep" na nyama yake ni "mutton". Neno lenye historia halisahauliki. Mimi sikukariri, nilifuatilia, na ndiyo maana yamenikaa kichwani. Nanyi mnaofundisha, tafadhali, mtoto akiuliza sababu msimzime. Kama hamna jibu, litafuteni pamoja naye.

Jambo jingine ni sikio. Lisikie neno kabla hujalisoma, hasa kwa sababu Kiswahili kimetuzoesha kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, tukaamini lugha zote ziko hivyo. Chukua "record". Ukibonyeza mwanzo, unataja rekodi yenyewe. Ukibonyeza mwisho, unataja tendo la kurekodi. Herufi ni zilezile. "Permit" mwanzo ni kibali, mwisho ni kuruhusu. "Object" mwanzo ni kitu, mwisho ni kupinga. Anza na hayo matatu, yatamke kwa sauti mpaka mkazo uhame bila kuufikiria, kisha uende kwenye "present" na "export".