Udi, fidla na sauti chumbani: ninunue nini kwanza?

Swali: Niko Ngamiani, Tanga. Tuko watatu, tunapiga taarab ya kizamani: mmoja udi, mmoja fidla, mimi naimba. Nina kompyuta mpakato ya Windows, i5 ya zamani, RAM GB 4. Nilinunua maiki ya kondensa ya bei nafuu yenye pini ndogo ya milimita 3.5, nikaichomeka moja kwa moja. Sauti inaingia ndogo, inavuma, na nikiimba huku nimevaa hedifoni najisikia nimechelewa. Chumba ni mita 3 kwa 3, juu bati. Nibadilishe programu? Ninunue nini?

Jibu: Ndugu yangu, programu iache kwanza. Udogo wa sauti, mvumo na kuchelewa vyote vinaanzia pale maiki inapoingia kwenye kompyuta, na hakuna programu itakayovitibu.

Kondensa haifanyi kazi bila kulishwa umeme, na zile za studio zimeundwa kwa volti 48. Tundu la pini ndogo hutoa volti chache tu, kwa hiyo maiki inakuwa kama mtu anayeimba na njaa. Unapandisha sauti ili umsikie, na kelele nazo zinapanda. Waya wake pia hauna kinga ya kutosha. Umeme wetu ni wa hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde), na huo "mmmm" unaousikia ni huo umeme pamoja na ndugu zake wa hezi 100 na 150. Waya wa pini tatu, yaani XLR, hubeba sauti kwenye nyuzi mbili, mmoja ukiwa umegeuzwa kinyume cha mwenzake. Uchafu unaookotwa njiani huingia sawa kwenye zote mbili, na mwisho wa safari unafutana.

Kwa hiyo anza na saundi kadi ya nje ya USB, wengine huiita intafesi, yenye matundu mawili ya XLR na swichi ya volti 48. Ya tundu moja usichukue hata kama bei inavutia, kwa sababu udi na sauti vitataka kurekodiwa pamoja. Focusrite Scarlett Solo ina tundu moja la maiki, Scarlett 2i2 ina mawili. Kwa Behringer, UM2 ni ya tundu moja na inaishia biti 16 (biti ni kipimo cha usahihi wa sauti inayorekodiwa). UMC202HD ina mawili na inafika biti 24. Ukiwa na biti 24 unaweza kurekodi kwa sauti ya chini bila kuzama kwenye kelele, nalo ni jambo kubwa kwa mwimbaji anayenong'ona beti la kwanza kisha akapasua kwenye kiitikio.

Kwa sauti yako, katika chumba hicho, chukua maiki ya dainamiki, ile isiyohitaji kulishwa umeme, mfano Shure SM58. Kondensa ingekusanya bati, ukuta na bodaboda za nje; dainamiki inasikia zaidi kilicho mbele yake. Iweke vidole vinne hadi nusu shubiri kutoka mdomoni, kidogo pembeni, ili pumzi za "p" na "b" zisiipige moja kwa moja. SM58 za bandia ni nyingi sokoni. Ya kweli ina uzito wa gramu 298 hivi, kwa hiyo ipeleke kwenye mizani ya sonara. Ikiwa nyepesi mno, irudishe. Ila uzito peke yake hautoshi kuthibitisha kwamba ni halali.

Udi ndio unaostahili kondensa, ila ya XLR. Ielekeze pale shingo inapokutana na tumbo, umbali wa shubiri moja na nusu. Ukiielekeza kwenye tundu la katikati utapata mngurumo mtupu. Fidla usiisogelee: maiki ikae juu yake, sentimita 60 hadi 90, la sivyo utarekodi mkwaruzo wa upinde kuliko noti. Mkipiga wawili pamoja, umbali kati ya maiki na maiki uwe angalau mara tatu ya umbali wa kila maiki na chombo chake. Ukivunja kanuni hiyo, sauti zinavujiana na kufanya udi usikike mwembamba kama unatoka kwenye bomba.

Kwenye UMC202HD swichi ya volti 48 hulisha matundu yote mawili. Usiogope, SM58 haidhuriki ikiwa waya ni mzima. Chomeka kwanza, washa baadaye. Zima kwanza, chomoa baadaye.

Sasa kuchelewa. Kompyuta hukusanya sauti kwa mafungu kabla ya kuirudisha hedifoni. Kwa mwendo wa sampuli 48,000 kwa sekunde, yaani vipande vidogo vya sauti, fungu la sampuli 1,024 ni milisekunde 21, na linalipwa mara mbili, kuingia na kutoka. Hapo mwimbaji anaanza kujivuta. Weka draiva ya ASIO ya mtengenezaji wa kadi mwenyewe, yaani programu ndogo inayoipitisha sauti haraka kati ya kadi na kompyuta, kisha shusha fungu hadi 256, ambayo ni milisekunde 5 tu. Ikianza kukatakata kama redio mbovu, panda hadi 512. Njia bora zaidi ni kitufe cha Direct Monitor kilicho kwenye kadi: unajisikia kabla sauti haijafika kwenye kompyuta. Ukikitumia, zima kujisikiliza ndani ya programu, la sivyo utajisikia mara mbili.

Programu? Reaper. Ni nyepesi, ina siku 60 za majaribio bila kufungwa chochote, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. RAM ya GB 4 itavumilia traki kumi na mbili hivi za sauti tupu. Ukiwa na pesa ya ziada, diski ya SSD itakusaidia kuliko programu yoyote ya gharama. Rekodi biti 24 kwa 48,000: dakika moja ya traki moja inakula MB 9 hivi. Imba sehemu yako ya juu kabisa na urekebishe geini, kile kitufe cha kadi cha kupandisha sauti ya maiki, kilele kiguse desibeli −12 hadi −10. Juu ya 0 sauti inapasuka, na iliyopasuka hairudi.

Chumba chako kina tatizo la umbo. Pande mbili zikiwa sawa, mawimbi ya hezi 58 hivi yanasimama kwa nguvu palepale kwa urefu na kwa upana. Trei za mayai hazisaidii, ni karatasi. Tengeneza fremu za mbao zenye unene wa sentimita 10, jaza usumba au sufi, funika kwa kitambaa cha kupitisha hewa, na ziache sentimita 10 kutoka ukutani. Hiyo nafasi ya hewa ni ya bure na inaiwezesha fremu kunyonya sauti nzito zaidi, kushuka hadi hezi 430 hivi. Weka moja nyuma ya mwimbaji, kwani maiki inatazama huko. Sufi inawaka upesi, basi mshumaa na fremu visikae chumba kimoja.

Bati likianza kupigwa na mvua, acheni. Usiku baada ya isha, feni imezimwa, ndio wakati wenu.

Kabla ya kuimba, rekodi sekunde 30 za kimya, kisha usikilize kwa hedifoni. Ukiusikia ule mvumo tena, chomoa chaja ya kompyuta na ufanye kazi kwa betri. Ukitoweka, tatizo ni chaja au ardhi ya nyumba, yaani waya wa ethi. Fundi umeme aiangalie ardhi, na pini ya ardhi kwenye plagi usiikate kamwe. Ukisikia mchemko kama mafuta kwenye kikaango, kondensa imenyonya unyevu wa bahari: iweke siku mbili kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vifuko vya silika, na iwe inalala humo kila mnapomaliza.