Mbegu za mtandamboo zimegoma kuota

Swali: Niko Kajiado. Nataka ua hai wa mtandamboo kuzunguka shamba, maana mbuzi wa jirani wamenimalizia mboga. Mwaka jana nilichuma matunda porini, nikatoa mbegu, nikazianika juani wiki nzima na kuzihifadhi kwenye chupa. Nimezisia kwenye viriba 200 na hadi leo hakuna hata mche mmoja. Mzee mmoja hapa anasema huenda nilichuma msunguti. Nitajuaje? Na nifanyeje nipate miche?

Jibu: Naanza na la mzee, maana ndilo zito. Mtandamboo, ambao majirani zako Wamaasai huuita olamuriaki, ni wa ukoo mmoja na msunguti. Yote miwili hubaki kijani mwaka mzima. Majani yake ni magumu, yanang'aa, yamekaa mawili mawili yakitazamana. Maua ni meupe yenye wekundu kwa nje na yananukia kama asumini, na matunda ya yote miwili huiva yakawa zambarau iliyokolea. Ukivunja kitawi, yote hutoa utomvu mweupe. Lakini msunguti ndio unaochemshwa kupata sumu ya mishale, na sumu hiyo hushambulia moyo.

Tazama miiba. Mtandamboo una miiba minyoofu, migumu, ya sentimita kadhaa, inayotoka pale majani yanapoungana na tawi. Msunguti hauna mwiba hata mmoja. Chipukizi changa la mtandamboo linaweza kuwa bado laini, kwa hiyo kagua matawi ya zamani. Kichaka kizima kikikosa miiba, kiache. Tafadhali usipime kwa kuonja, wala tunda wala jani, na watoto waambie hivyo hivyo.

Kama kichaka chako kilikuwa na miiba, basi nadhani mbegu zilikufa juani na kwenye chupa. Hizi si mahindi. Chuma matunda yaliyoiva kabisa, meusi na laini. Yakiwa bado mekundu, subiri. Yaponde kwenye beseni la maji, sugua na mchanga mpaka nyama na ule ulimbo vitoke, suuza, kisha zikaushe kivulini siku moja tu. Zisie wiki hiyo hiyo, kina cha sentimita moja, kwenye udongo wa juu uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza vizuri. Weka kivuli chepesi na unyevu usiokatika, ila maji yasituame. Kitaluni kwangu huanza kuchomoza baada ya wiki mbili hadi nne, na wachelewaji huwa wapo, kwa hiyo usimwage viriba mapema.

Ukikosa matunda, chukua tawi la chini la kichaka unachokiamini, likwaruze gome kidogo upande wa chini, lilaze na ulifukie sehemu hiyo huku ncha ikiwa nje. Weka jiwe juu lisiinuke. Likishatoa mizizi, likate na uhamishe. Ni njia ya polepole, lakini mimi naipenda kuliko vipandikizi vya kukata, kwa sababu tawi linaendelea kulishwa na mama yake.

Miche ikifika urefu wa sentimita 30 hivi, ipeleke shambani mvua za masika zinapoanza. Kwa ua wa kuzuia mbuzi, panda mistari miwili kwa kupishana, sentimita 50 kati ya mche na mche. Mwanzoni hukua taratibu mno, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kata ncha mapema ili utoe matawi tangu chini. Ukiuacha urefuke kwanza, mbuzi atapita chini yake.

Kuhusu kupogoa baadaye: maua hutoka kwenye ncha za matawi. Ukipogoa kabla ya maua, umekata na matunda. Ngoja mvune kwanza.

Jambo la mwisho ni mbuzi wenyewe. Majani machanga ya mtandamboo wanayapenda sana, na miiba ya mche mdogo haiwatishi. Zungushia matawi makavu ya mgunga kwa miaka miwili ya kwanza, pande zote mbili za mstari.