Mtoto akipimwa, andika ulichokiona

Nafundisha darasa la pili, Tukuyu. Fomu ya kupima uwezo wa mwanafunzi ina nafasi ya "tabia ya mtoto". Huwa naandika "mvivu" au "hana umakini". Inatosha?

Haitoshi, mwalimu, na neno kama "mvivu" linaweza kumfuata mtoto hadi darasa la saba. Andika alichofanya na alichosema, pamoja na namba ya swali: "Maswali 1 hadi 5 alijibu haraka. La 6 alisema 'sijui' kabla sijamaliza kulisoma. La 9 alikosea, akafuta mwenyewe, akapata." Hapo tunajua ugumu ulianzia wapi, na kwamba anaweza kujisahihisha. Anayekata tamaa mapema na anayejibu kwa pupa wanaweza kupata alama zilezile, lakini msaada wanaouhitaji ni tofauti kabisa.

Kuhusu umakini, mwombe mwenzako afundishe, wewe ukae nyuma na saa. Kila sekunde 30 mtupie jicho: yuko kwenye kazi, weka vema, hayuko, weka kosa. Kwa dakika 10 utakuwa na alama 20. Fanya hivyohivyo kwa mtoto mwingine wa jinsia yake aliyekaa karibu. Wote wawili wakiwa na vema 11, chunguza somo au msongamano wa darasa kabla ya kumshika mtoto. Rudia siku nyingine, asubuhi na baada ya mapumziko, maana mtoto mwenye njaa saa sita si yule wa saa mbili.

Nyumbani mwanangu anaongea Kibena siku nzima. Kwenye upimaji alinyamaza, wakaandika "uwezo mdogo". Ni kweli? (Mzazi, Njombe)

Usizipokee alama hizo kama jibu la mwisho. Watoto wengi wamelelewa kunyamaza mbele ya mkubwa wasiyemjua. Hiyo ni adabu. Mpimaji atumie dakika 10 hadi 15 za mwanzo kucheza au kuchora naye, aanze na kazi za kuonyesha kwa kidole na kupanga vitu, maneno yafuate baadaye. Ila asitafsiri maswali papo hapo: neno likibadilika, ugumu wa swali nao hubadilika, na alama hazilinganishiki tena na za watoto wengine. Amalize kipimo kama kilivyo, kisha yale yaliyomshinda ayarudie kwa Kibena na kuandika majibu pembeni, bila kuyajumlisha. Akiyajibu vizuri, pengo ni la lugha. Omba apimwe upya.

Mwanangu akipimwa, naweza kukaa naye chumbani?

Kama ni mdogo au analia, ndiyo. Kaa nyuma yake asikuone uso. Hata kutikisa kichwa ni kumpa jibu.

Huku Makete asubuhi za Julai watoto wanaandika polepole mno. Nihesabu kama udhaifu?

Kwanza gusa mikono yao. Vidole vilivyoingia ganzi havishiki penseli vizuri, na kazi yenye muda maalumu ndiyo inayoumia zaidi. Anza na maswali ya mdomo. Ya kuandika yasubiri saa nne au tano, jua limetoka na uji umenywewa. Ikishindikana, andika: "Saa 2 asubuhi, baridi kali, alipuliza vidole mara kwa mara."

Katikati ya swali mwanafunzi wangu hukodoa macho, kisha anaendelea kama kawaida. Ni utoro wa mawazo? (Mwalimu, Mafinga)

Mwite jina, kisha mguse bega taratibu. Aliyezama kwenye mawazo atashtuka na kukugeukia. Asipoitikia hata akiguswa, kope zikapepesa au midomo ikachezacheza, na baada ya sekunde 10 hivi akaendelea bila kujua kilichopita, huenda ni kifafa kisichoangusha mtu. Simamisha kipimo. Andika saa, muda uliopita na namba ya swali, na mzazi aende na karatasi hiyo hospitali. Video ya simu ikipatikana itamsaidia sana daktari. Swali lililopotea dakika hiyo liwekee alama ya pekee, lisisomwe kama kosa la kutojua, na mtoto asiadhibiwe kwa kutosikiliza.