Je, kufanyia kazi nyumbani kunaninyima cheo?

SWALI: Mshauri, salaam aleikum. Nina miaka miwili katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Tangu mwaka jana najaza entri (fomu za kutangaza mizigo forodhani) nikiwa nyumbani Likoni, kwa kuwa shughuli zote zimo kwenye mfumo. Mwenzangu tulioajiriwa pamoja, ambaye huenda ofisini Moi Avenue kila siku, juzi amefanywa msimamizi wa kitengo. Entri zangu si chache kuliko zake, wala hazirudishwi kwa makosa. Je, nyumbani ndiko kulikoniponza? Nirudi ofisini moja kwa moja? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Wa aleikum salaam, dada. Huenda kweli ndiko kulikokuponza. Hata hivyo, usikimbilie kurudi siku zote tano.

Kuna jaribio linalokaribiana sana na yaliyokupata. Mwishoni mwa 2010, kampuni ya usafiri ya Ctrip ya Uchina iliwagawa kwa kura wahudumu wa simu wa Shanghai waliojitolea: baadhi wafanyie kazi nyumbani siku nne kwa wiki, wengine wabaki ofisini. Katika miezi tisa ya jaribio, utendaji wa walio nyumbani ulipanda kwa asilimia 13. Lakini walipolinganishwa watu wenye utendaji sawa, wa nyumbani walipata vyeo kwa nadra zaidi. Walifanya kazi vizuri, na cheo kikawapita.

Kampuni hiyohiyo, sasa ikiitwa Trip.com, ilifanya jaribio jingine kuanzia 2021, safari hii kwa wafanyakazi 1,612: baadhi siku mbili nyumbani na tatu ofisini, wengine siku zote tano ofisini. Matokeo yaliyochapishwa 2024 hayakuonyesha tofauti yoyote ya vyeo, na miongoni mwa waliopewa siku za nyumbani walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja. Kazi za watu wa majaribio hayo mawili hazikuwa sawa, kwa hiyo usizichukue siku hizo kama kipimo cha dawa. Mimi ninachokiona hapo ni kwamba nyumbani peke yake hakumnyimi mtu cheo. Kinachomnyima ni kutojulikana na wale wanaokitoa.

Fikiria msimamizi wa kitengo chenu anafanya nini hasa. Hajazi entri tu. Kontena likikwama kwa sababu deliveri oda (hati ya kampuni ya meli ya kuruhusu mzigo utolewe) haijatoka, au afisa wa forodha akitaka mzigo ufunguliwe ukaguliwe, gharama za bandari zinahesabika kila siku na mteja anapiga simu kwa hasira. Saa hiyo bosi humwita aliye karibu. Akilitatua, bosi amemwona akifanya kazi ya cheo kabla hajapewa cheo. Wewe bosi wako anakujua kwa entri zako safi, na usafi wa entri unamwambia kuwa wewe ni karani mzuri. Haumwambii zaidi ya hapo.

Na kuna hasara nyingine ambayo hukuiuliza, nayo kwa mtu wa miaka miwili kazini naiona kubwa kuliko cheo chenyewe. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una viwango vya 0, 10, 25 na 35 kwa mia, na bidhaa ikipangwa mahali pasipo pake mteja anaumia. Ujuzi wa kupanga bidhaa zenye utata unapatikana kwa kuwasikia wakongwe wakibishana mezani. Mfumo haukufundishi hilo, na hakuna atakayekupigia simu Likoni akusimulie ubishi wa asubuhi.

Kwa hiyo omba siku mbili au tatu za ofisini, na uzichague kwa akili. Usiangalie siku ambayo foleni ya feri ni fupi. Angalia siku ambazo bosi yupo na mizigo migumu inashughulikiwa. Ukifika, usijifungie kwenye kompyuta ukajaza entri ulizoweza kuzijazia nyumbani. Omba kukabidhiwa mteja mmoja msumbufu. Siku za nyumbani, kila Ijumaa mwandikie bosi mistari michache: tatizo lipi lilitokea, umelitatuaje, mteja ameokoa nini. Idadi ya entri anaiona mwenyewe.

Mpango mkikubaliana, uandikwe. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mahali pa kazi patajwe katika maelezo ya ajira, na mabadiliko yafanywe kwa kushauriana nawe. Sheria hiyo pia inakataza ubaguzi katika kupandisha vyeo kwa misingi kama jinsia, ujauzito au ulemavu. Kufanyia kazi nyumbani hakumo katika orodha hiyo. Lakini kama ulipelekwa nyumbani kwa sababu ya ujauzito, kisha ukarukwa, hilo ni jambo la kumwonyesha wakili.

Kabla ya yote hayo, mwendee bosi ana kwa ana, si kwa simu wala WhatsApp. Usimtaje mwenzako. Mwambie: "Nataka kuwa msimamizi. Nieleze ni mambo gani hasa utayaangalia, na lini tutakaa tena kuyapima." Akikutajia, yaandike umtumie siku hiyohiyo. Akishindwa kukutajia hata moja, kurudi ofisini hapo hakutakufaa. Anza kutafuta kampuni nyingine ungali na mshahara.