Swali la lugha: "Mwanangu, huyo kijana ameuzwa kama ng'ombe?"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaandika taarifa ya michezo ya redio ya jamii hapa Mafinga. Wasikilizaji wetu wamezoea habari za Mbeya City na Prisons, lakini siku hizi vijana wanaulizia ligi ya kriketi ya India, IPL, na msimu ujao nataka kuitangaza sawasawa. Juzi nilisoma hivi: "Msimu ujao mafranchaizi 10 yatachuana. Lucknow ilimnunua Rishabh Pant kwa krore 27, yaani bilioni 27. Fainali ya 2025 Bengaluru waliwafunga Punjab 190 kwa 184." Mzee mmoja akapiga simu studio: "Mwanangu, huyo kijana ameuzwa kama ng'ombe?" Nilikosa jibu. Franchaizi niiteje kwa Kiswahili, na kwingine nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Tuanze na huyo mzee, maana swali lake ndilo la lugha hasa. Franchaizi na krore hazikumkwaza. Sikio likikutana na neno geni huliacha lipite tu, likaendelea kusikiliza. Kilichomkwaza ni kitenzi anachokijua tangu utotoni: -nunua. Pakiwa na mnunuzi, lazima pawe na muuzaji. Ng'ombe anayepelekwa mnadani ana mwenyewe, na pesa huingia mfukoni mwa mwenyewe. Mzee amesikia mnada, amesikia kununuliwa, akauliza swali ambalo sentensi yako ilimlazimisha kuuliza.

Katika mnada wa IPL muuzaji hayupo. Mchezaji huandikisha jina lake pamoja na bei ya kuanzia, timu zinapandishiana dau, na nyundo ikigonga, kiasi kilichofikiwa kwa kawaida ndicho malipo ya mchezaji mwenyewe kwa msimu. Hakuna klabu ya zamani inayopokea kitu. Hapo ndipo soka linapotupotosha, kwa sababu tukisema mshambuliaji "amenunuliwa kwa milioni 100" tunajua pesa hiyo inakwenda kwa klabu anakotoka, na mshahara wake ni habari nyingine.

Kwa hiyo tumia -chukua: "Lucknow ilimchukua Rishabh Pant mnadani." Kitenzi hiki hakidai muuzaji, na neno mnada linabaki pale pale kueleza namna alivyopatikana. Ukisema "ilimsajili" hutakuwa umekosea, ila utakuwa umepoteza habari ya mnada, ambayo ndiyo utamu wenyewe. Mchezaji ambaye timu yake haikumpeleka mnadani "amebakizwa". Aliyefunguliwa mlango "ameachwa". Aliyetajwa mnadani na timu zote zikanyamaza "hakupata timu". Usimwite "hakuuzika", hilo tuliachie nyanya zilizobaki sokoni jioni.

Sasa franchaizi. Ukiiita "klabu", msikilizaji wa Tanzania anaona wanachama, matawi, katiba na uchaguzi wa mwenyekiti. Timu za IPL hazina hayo. Kila moja ina mmiliki aliyenunua haki, iliyouzwa kwanza na Bodi ya Kriketi ya India, ya kuendesha timu ya mji au jimbo fulani ndani ya ligi hiyo. Ligi ilianza 2008 na timu 8. Oktoba 2021 ziliuzwa haki mbili mpya, ya Lucknow na ya Gujarat, na tangu 2022 timu ni 10. Hapo kitenzi -nunua kinapata mahali pake: mmiliki alinunua haki ya timu. Kikitumika kwa mtu, yule mzee atakataa; kikitumika kwa haki, atakubali mara moja.

Jambo jingine ambalo msikilizaji wako anahitaji kuambiwa ni kwamba ligi hii haina kushuka daraja. Mbeya City ilishuka 2023, ikarudi Ligi Kuu 2025. Mashabiki wanajua uchungu na furaha ya safari hiyo. Timu ya IPL ikimaliza ya mwisho inarudi msimu unaofuata kama kawaida, kwa sababu nafasi yake imelipiwa. Na mmiliki mmoja anaweza kuwa na timu katika nchi zaidi ya moja. Ligi ya SA20 ya Afrika Kusini, iliyoanza Januari 2023 na timu 6, zote 6 zilichukuliwa na wamiliki wenye timu IPL. Ndiyo maana utakutana na MI Cape Town na kujiuliza kama ni ndugu wa Mumbai Indians. Ni ndugu kweli.

Ushauri wangu: andika "timu" kila mahali. Mara moja tu, mwanzoni mwa msimu, eleza kwamba ni "ligi ya timu zenye wamiliki walionunua haki ya kushiriki". Pale umiliki wenyewe unapokuwa habari, sema "haki ya timu". Franchaizi kama neno la mkopo silikatai, watu wa biashara wanalitumia, lakini hewani halimwambii mtu wa Mafinga chochote ambacho "timu" haijamwambia. Na ukilazimika kulitumia, liache kwenye kundi la ligi na timu: franchaizi moja, franchaizi 10. Ile ma- uliyoiweka haina kazi.

Krore ndiyo iliyokuponza zaidi, na inasikitisha kwa sababu Kiswahili kimekwisha kukupa nusu ya jibu. Laki tunayoitumia dukani na kwenye vikoba imetoka Kihindi, lakh, na thamani yake haikubadilika njiani: 100,000. Wahindi wana hatua nyingine juu yake, karor, ambayo kwenye taarifa za Kiingereza utaiona imeandikwa crore au kufupishwa cr. Karor moja ni laki 100, yaani milioni 10. Kiswahili sanifu hakikuichukua hatua hiyo. Sisi tukivuka laki tisa tunaingia milioni. Basi kanuni ni hii: zidisha karor kwa 10 upate milioni. Karor 27 za Pant ni rupia milioni 270. Wewe ulisoma bilioni 27, mara 100 ya ukweli. Kosa hili huja kwa urahisi kwa sababu mtu anadhani karor ni jina la Kihindi la bilioni. Haki ya timu ya Lucknow iliuzwa kwa karor 7,090. Zidisha kwa 10 ni milioni 70,900, yaani rupia bilioni 70.9.

Angalia pia mkato. Wahindi hukata tarakimu tatu za mwisho, kisha mbilimbili. Ukikuta 1,50,000, usidhani mwandishi amedondosha sifuri. Ni laki moja na nusu, ambayo wewe utaiandika 150,000. Ukikuta bei ya kuanzia ni lakh 75, unaweza kusema "laki 75" na hesabu ikawa sahihi, lakini hakuna mtu Iringa anayehesabu hivyo. Sema rupia milioni 7 na nusu. Na ni rupia, neno letu la zamani, lililokuwa fedha halali ya nchi hii enzi za Wajerumani. Usiandike rupii.

Ukitaka kugeuza kuwa shilingi, tumia kiwango cha siku hiyo na useme ni makadirio, ila taja rupia kwanza. Sentensi yenye "bilioni" bila jina la fedha haina maana hata kama tarakimu ni sahihi.

Nije kwenye fainali, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu kosa limejificha kwenye neno dogo kuliko yote: kwa.

Kwenye soka, "mbili kwa moja" inaeleweka kwa kuwa timu zote zinafunga ndani ya dakika zilezile 90. Kwenye kriketi timu moja inamaliza kupiga, ndipo nyingine inaingia kutafuta alama za kuipita. Hakuna anayemfunga mwenzake, kwa hiyo -funga iache. Matokeo ya Juni 3, 2025 pale Ahmedabad yaliandikwa hivi: Bengaluru 190/9, Punjab 184/7. Mkwaju ule (/) unatenganisha vitu viwili vya timu moja: alama ilizopata, yaani mikimbio, na wapigaji iliowapoteza kwa kutolewa, yaani wiketi. Wapo wanaousoma "190 kwa 9", na msikilizaji anadhani 9 ni mabao ya wapinzani. Wapo wanaosoma "mikimbio 190 kwa wiketi 9", ambayo inakaribia ukweli lakini inagongana na maneno mengine ya mchezo huohuo, "imeshinda kwa wiketi 9". Kwa moja inataja hasara, nyingine inataja ukubwa wa ushindi. Weka kitenzi katikati na mgongano unaisha: "mikimbio 190 kwa kupoteza wiketi 9".

Ushindi nao una namna mbili ambazo hazibadilishani. Iliyotangulia kupiga ikishinda, inashinda kwa mikimbio: 190 toa 184, Bengaluru ilishinda kwa mikimbio 6. Iliyopiga ya pili ikishinda, inashinda kwa wiketi ilizobakiwa nazo kati ya 10: ikifikisha alama huku imepoteza 4, imeshinda kwa wiketi 6. Ukisikia "6" peke yake hujui lolote, kwa hiyo usiache nomino.

Mikimbio ni neno zuri na magazeti yetu ya michezo yamelizoea. Usirudi kwenye "mbio", kwa sababu mbio hazihesabiki moja moja. "Mbio 190" inamfanya mtu awaze riadha. Mkimbio unahesabika. Mueleze msikilizaji mara moja kwamba si kila mkimbio unakimbiwa: mpira uliopigwa ukiuvuka mpaka wa uwanja baada ya kugusa chini ni mikimbio 4, ukivuka hewani ni 6.

Mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, anasomwa kinyume, wiketi zikitangulia. Krunal Pandya kwenye fainali ile aliandikiwa 2/17 katika ova 4 (ova nitaieleza hivi punde). Soma: "alirusha ova 4, akaruhusu mikimbio 17, akachukua wiketi 2." Ukitumia mpangilio wa timu utasema amepata mikimbio 2, naye aliyekuwa mchezaji bora wa mechi atasikika kama aliyeharibu.

Ova ni zamu ya mrushaji. Moja ni mipira 6 anayorusha, kila timu ina ova 20, mrushaji mmoja hazidi ova 4. Neno linabaki ova katika umoja na wingi. Angalia kiungo: "amerusha ova 4" ni idadi, "amerusha ova ya 4" ni ova moja tu, ile ya nne. Herufi mbili, ya, zinatofautisha mipira 24 na mipira 6. Kisha ipo nukta. Ubao ukionyesha 19.4, usisome "kumi na tisa nukta nne", kwa sababu hiyo nukta si ya desimali. Ni ova 19 kamili na mipira 4, mipira 118 kati ya 120. Sema "imebaki mipira 2", kila mtu atakusogelea. Kwa hesabu hiyohiyo, 8.3 ndiyo ova nane na nusu, na 8.5 imebakiza mpira mmoja kufika 9. Mtangazaji anayesoma 8.5 kama "nane na nusu" amepoteza mipira miwili ya mwenye timu.

La mwisho ni saa. Ratiba za India zinaandika 7:30 usiku na 3:30 alasiri kwa saa zao, nazo ziko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Mechi ya jioni kwetu inaanza saa 11 kamili jioni, ya mchana saa 7 kamili mchana. Ukiisoma ratiba ilivyo, kijana wa Mafinga atawasha simu saa moja na nusu usiku na kukuta ova za timu ya kwanza zimekwisha.

Taarifa yako ingeweza kusomeka hivi:

"Timu 10 zitaingia msimu ujao wa ligi ya kriketi ya India, IPL. Ni ligi isiyo na kushuka daraja. Kila timu ina mmiliki aliyenunua haki ya kushiriki. Katika fainali ya 2025 mjini Ahmedabad, Royal Challengers Bengaluru walitangulia kupiga, wakapata mikimbio 190 kwa kupoteza wiketi 9. Punjab Kings walifikisha 184 kwa kupoteza wiketi 7, ova 20 zikaisha. Bengaluru wakashinda kwa mikimbio 6 na kutwaa ubingwa wao wa kwanza, katika msimu wa 18 wa ligi. Lucknow Super Giants ndio waliomchukua Rishabh Pant katika mnada wa Novemba 2024 mjini Jeddah, kwa malipo ya rupia milioni 270 kila msimu, pesa inayokwenda kwa mchezaji mwenyewe. Mechi za jioni zitaanza saa 11 jioni, saa za Afrika Mashariki."

Hayo maneno ya "kwa mchezaji mwenyewe" usiyakate muda ukibana. Ndiyo jibu la yule mzee.