Mshahara wa jeshi la Marekani: uuweke wapi, na gari ukopee wapi?

SWALI: Habari dada. Mimi ni Mkenya, niliapa kuingia jeshi la Marekani mwaka jana, na sasa niko Joint Base Lewis-McChord, jimbo la Washington. Sajenti wangu ananiambia nijiunge na Navy Federal. Mwenzangu tunayeishi chumba kimoja anasifu PenFed. Karibu na geti kuna chama kingine kidogo cha akiba na mikopo cha wanajeshi, na wengine wananitajia USAA. Nataka pa kupokelea mshahara na kutumia nyumbani pesa, na nataka mkopo wa gari wa kama dola 22,000. Nyumbani nilikuwa SACCO, nikadhani nikiweka akiba miezi sita nitakopa mara tatu yake, lakini dada wa kaunta alinishangaa. Tena nina deni la kadi la tangu nikiwa raia. Nichague kipi?

JIBU: Kaka, huyo dada wa kaunta hakukudharau. Wewe ulikuwa na SACCO kichwani, yeye alikuwa na chama cha Kimarekani, na ingawa hivi viwili ni ndugu, mlango wa mkopo si mmoja. Undugu wao ni wa kweli: mwenye akaunti ndiye mwenye chama, ana kura, na faida humrudia kwa riba nafuu badala ya kwenda kwa mabepari wa nje. Ila kule kwetu unakopa kwa nguvu ya akiba na wadhamini. Huku hakuna anayekuuliza mdhamini. Wanaangalia alama zako za mikopo (namba inayoonyesha unavyolipa madeni), mshahara na madeni uliyonayo. Waweza kujiunga leo kwa hisa ya dola 5 na ukapewa mkopo wa gari wiki hii, na waweza kuwa na akiba ya dola 5,000 ukanyimwa. Kwa hiyo usipoteze miezi sita ukisubiri akiba ikufungulie mlango. Weka akiba kwa sababu zake, na historia ya mikopo uijenge kivyake, kwa kulipa kadi yako kwa wakati kila mwezi.

Sasa hao wanne. Jina la Navy Federal lisikuchanganye. Kilianzishwa mwaka 1933 na wafanyakazi saba wa idara ya jeshi la majini, lakini tangu 2008 kimefungua mlango kwa majeshi yote, na leo ndicho chama kikubwa kuliko vyote vya aina hii duniani. Kina matawi mengi karibu na kambi, hata Japani na Italia, na ukishakuwa mwanachama, mkeo, wazazi na ndugu zako nao wanastahili kujiunga. PenFed kilizaliwa 1935 kwa ajili ya watumishi wa Wizara ya Vita, na siku hizi mtu yeyote anaweza kujiunga, mwanajeshi au raia. Matawi yake ni machache. USAA si chama cha ushirika kama hivyo viwili. Ilianzishwa na maofisa 25 wa jeshi huko San Antonio mwaka 1922 ili wakatiane bima ya magari, na akaunti zake ziko katika benki. Bima yake uiombee bei, lakini usiipime kwa mizani ya chama.

Usalama wa pesa usikusumbue. Amana katika chama chenye bima ya NCUA, shirika la serikali linalosimamia vyama hivi, zinalindwa na serikali kuu hadi dola 250,000 kwa mtu, sawa na amana za benki zinavyolindwa na FDIC, shirika la bima ya amana za benki. Kwa hicho kidogo cha getini, tafuta tu alama ya NCUA mlangoni.

Ushauri wangu ni kwamba ulichouliza ni maswali mawili, uyatenganishe. Mshahara uuweke penye huduma nzuri, mkopo uuchukue penye riba ndogo, na usione haya kama ni nyumba mbili tofauti. Mimi ningependelea ziwe mbili, na nitakueleza kwa nini.

Nimekuwa afisa mikopo katika chama kimoja huku kwa miaka kadhaa, na kitu kilichoniuma zaidi kilikuwa kipengele ambacho wanachama husaini bila kukisoma. Vyama vingi huandika katika mkataba kwamba dhamana ya mkopo mmoja inashika pia madeni yako mengine yote pale chamani. Kijana mmoja alimaliza kulipa gari lake, akaja kuchukua hatimiliki ili auze, maana alikuwa amepata amri ya kuhamia Ujerumani. Tukamwambia haiwezekani: ana deni la kadi ya chama hichohicho, na gari linasimama dhamana ya kadi hiyo mpaka ilipwe. Alikuwa na siku tisa. Nilimwonea huruma sana, lakini sahihi ilikuwa yake. Kipengele kingine ni haki ya kukata. Ukichelewa kulipa mkopo, chama kinaweza kujilipa kutoka akaunti zako zilizoko kwao, na mshahara ukishaingia humo ni salio kama salio lolote. Mahali pamoja penye mshahara wako, gari lako na kadi yako ni rahisi mambo yakienda sawa. Mambo yakiharibika, unaweza kuamka ukakuta hata pesa ya mafuta haipo.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, muulize afisa hivi: "Nikimaliza gari hili na bado nina kadi kwenu, mtanipa hatimiliki?" Asipokujibu wazi, mwambie akuonyeshe ukurasa wenyewe.

Kwa mshahara na matumizi ya kila siku, vigezo ni vya kawaida kabisa: tawi unalofika kwa miguu, mashine za pesa zisizokutoza, akaunti isiyo na makato ya mwezi, na mshahara kuingia mapema. Vyama kadhaa huwapa wanajeshi walio kazini mshahara siku moja kabla ya tarehe. Hapa Navy Federal kinanishawishi kuliko PenFed, kwa sababu ya matawi, na kwa sababu wewe utahamishwa. Hicho kidogo cha getini kinaweza kuwa na watu wakarimu wanaokujua kwa jina, na hilo nalithamini, ila waulize utafanyaje ukiwa Korea. Kwa kutuma M-Pesa, usitarajie chama kikufanyie. Wengi wetu tunatumia kampuni za kutuma pesa kama Remitly au WorldRemit. Lipia kwa akaunti au kadi ya kutolea pesa, usilipie kwa kadi ya mkopo, kwa sababu kadi nyingi hulihesabu hilo kuwa umechukua pesa taslimu, na utatozwa ada na riba kuanzia siku ileile.

Gari sasa. Huko ndiko vijana wa jeshi wanakoumizwa, hasa kwenye yadi zilizopangana nje ya geti. Unajua kuna sheria inayozuia wanajeshi kutozwa zaidi ya 36% kwa mwaka kwenye mikopo mingi. Wengi wanadhani inawalinda kwenye gari pia. Haiwalindi: mkopo wa kununua gari, ambao gari lenyewe ndilo dhamana, uko nje ya sheria hiyo. Tena yadi mara nyingi hupata riba kutoka kwa mkopeshaji, ikaongeza yake juu, na nyongeza hiyo hutaiona popote kwenye karatasi.

Chukua dola zako 22,000 kwa miezi 60. Kwa riba ya 5.5% utalipa kama dola 420 kwa mwezi, na riba yote itafika takriban dola 3,200. Yadi ikikupa 14%, utalipa kama 512 kwa mwezi, na riba itapita dola 8,700. Tofauti ni dola 5,500, kwa gari lilelile. Kwa hiyo nenda yadini ukiwa tayari na kibali cha mkopo mkononi. Omba Navy Federal, omba PenFed, omba na hicho cha getini, na uombe yote ndani ya siku 14, kwani mifumo ya alama huhesabu maombi ya mkopo wa gari ya kipindi hicho kuwa ombi moja. Kisha linganisha riba kamili ya mwaka, APR, kwa idadi ileile ya miezi. Mtu akikuonyesha malipo madogo ya mwezi, mwulize ni miezi mingapi. Katika chama chenye neno Federal kwa jina, sheria inakataza kukutoza faini ukimaliza mkopo mapema, na riba ya mikopo yao kwa kawaida haivuki 18% kwa mwaka, hata kadi. Hicho kidogo kama kimesajiliwa na jimbo, dari hiyo huenda isikihusu, basi waulize.

Nyumba ikifika wakati wake, utatumia mkopo wenye udhamini wa VA, idara ya serikali ya waliotumikia jeshi, usiohitaji malipo ya awali. Masharti makuu yanatoka serikalini, pamoja na ada ya 2.15% kwa anayeutumia mara ya kwanza bila malipo ya awali. Hapo chama na chama hutofautiana kwa riba na gharama za kukamilisha ununuzi tu, na utaomba kwa watatu kama ulivyofanya kwenye gari.

Nimeacha deni la kadi mwisho, lakini lishughulikie kwanza, kesho ikiwezekana. Deni ulilochukua kabla ya kuingia kazini lina haki chini ya SCRA, sheria inayowalinda wanajeshi walio kazini: riba ishuke hadi 6% kwa muda wote uko kazini, na kilichozidi kifutwe, kisiahirishwe. Haiji yenyewe. Mwandikie aliyekupa kadi barua, ambatisha nakala ya amri yako ya kuitwa kazini, na utunze ushahidi kwamba umetuma. Una hadi siku 180 baada ya kutoka jeshini, lakini usingoje huko. Ofisi ya msaada wa sheria hapo kambini itakuandikia barua hiyo bure. Na kama ulikuwa unafikiria kuhamishia deni hilo kwenye mkopo mpya wa chama, usifanye kwanza: mkopo mpya ni wa baada ya kuapa, na haki ya 6% itapotea pamoja na deni la zamani.