ls inaganda lakini pvfs2-ping inajibu: kagua daemoni kwanza, usifomati

Ndugu wa Nakuru, nimesoma swali lako na majibu ya waliotangulia. Una seva nne za OrangeFS (mfumo wa mafaili unaogawanywa kwenye seva kadhaa, ambao zamani uliitwa PVFS2), stima ilipotea usiku, na asubuhi kila mashine ikawaka vizuri. Lakini ukiandika `ls /mnt/orangefs` ili kuorodhesha mafaili, kidirisha kinaganda, huku `pvfs2-ping`, amri ya kupima kama seva zinajibu, ikikuambia seva zote ziko sawa. Wawili wamekushauri ufomati uanze upya. Nakuomba sana usifanye hivyo. Katika yote uliyoyaeleza sijaona dalili hata moja ya data kuharibika, na hiyo `pvfs2-ping` inayojibu imeshakuonyesha tatizo liko upande gani.

Sisi hapa Kisumu tunauendesha mfumo huuhuu kwa picha za setilaiti za Ghuba ya Winam, tukifuatilia magugu maji yanavyosukumwa na upepo kutoka Dunga hadi pande za Kendu Bay. Setilaiti za Sentinel-2 hupita mahali pamoja kila baada ya siku 5, mafaili ni mazito, na mashine kadhaa huyasoma kwa wakati mmoja. Kwa hiyo nimekaa na daemoni hizi, yaani programu zinazofanya kazi chinichini, vya kutosha, na zile logi zake nazisoma karibu kila wiki.

Fuata safari ya `ls` yako. Amri inaingia kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux, na kukutana na moduli ya orangefs, ambayo imo ndani ya Linux tangu toleo la 4.6 la mwaka 2016. Watu wengi hudhani moduli hiyo ndiyo inayozungumza na seva. Sivyo. Moduli inalifunga ombi, inaliweka kwenye foleni, kisha inasubiri. Upande wa pili wa foleni kuna kifaa kinachoitwa `/dev/pvfs2-req`, na programu ya kawaida kabisa, `pvfs2-client-core`, ndiyo inayokisoma. Hiyo inachukua ombi, inakwenda kwa seva kupitia TCP, kwa kawaida poti 3334, inapokea jibu na kuliandika kwenye kifaa kilekile. Hapo ndipo kerneli inapoiamsha `ls`. Ni kama mkalimani mahakamani: akitoka nje, hakimu na shahidi wote wapo, ila kesi haisogei.

Sasa `pvfs2-ping`, pamoja na `pvfs2-ls` na `pvfs2-statfs`, hazipiti njia hiyo. Zinatumia maktaba ya OrangeFS moja kwa moja hadi kwenye seva bila kugusa moduli ya kerneli. Zikijibu, basi mtandao uko sawa na seva ziko hai. Kilichobaki ni kipande cha katikati kwenye mashine yako mwenyewe. Jaribu `pvfs2-ls` sasa hivi. Ukiyaona mafaili yako, moyo utatulia.

Baada ya hapo andika `ps -ef | grep pvfs2-client`. Unatakiwa kuona programu mbili, `pvfs2-client` na `pvfs2-client-core`. Ya kwanza ni mzazi. Haishughulikii mafaili hata kidogo. Kazi yake ni kumlinda mtoto na kumwasha tena akifa. Mtoto akiwashwa upya huiambia kerneli irudie kusajili kila mfumo uliokuwa umemauntiwa (umeunganishwa kwenye folda ya mashine), ndiyo maana core, yaani huyo mtoto, inaweza kufa mchana, ikarudi, na watumiaji wasione zaidi ya kusitasita kidogo. Lakini mzazi akiuawa kwa `kill -9`, hakuna tena wa kumwinua mtoto. Nimeona vijana wazuri wa kazi wakiua kila kitu chenye jina pvfs2 kwa hasira, kisha wanashangaa mbona hali imekuwa mbaya zaidi.

Kwa kisa chako lakini, jicho langu limetua kwenye zile faili mbili ulizobandika. Unaiwasha `pvfs2-client` kutoka `rc.local`, hati ya zamani ya kuwasha vitu mashine inapoamka, na unaiwasha tena kutoka systemd, msimamizi wa huduma za Linux. `/dev/pvfs2-req` hukubali kufunguliwa na programu moja tu kwa wakati mmoja. Anayewahi anakipata, wa pili anakosa. Siku za kawaida huenda wa systemd anawahi na mambo yanakwenda. Asubuhi ile mashine zote zilikuwa zinaamka pamoja, swichi ya mtandao nayo bado inajikusanya, na sioni ajabu zamu zikigeuka. Soma `/tmp/pvfs2-client.log`, ukikuta malalamiko ya kushindwa kufungua kifaa, tumelipata. Futa mstari wa `rc.local`, ubaki na systemd peke yake.

Kwenye faili la systemd weka `After=network-online.target`, pamoja na `Wants` yake, na uiite `pvfs2-client` kwa `-f` ili isijifiche chinichini systemd ikapoteza habari zake. Taja pia njia kamili ya core kwa `-p`. Kwenye fstab, faili linaloorodhesha mifumo ya kumaunti, mstari wa pvfs2 uwe na `_netdev` na `x-systemd.requires=` ukifuatiwa na jina la huduma hiyo. Mpangilio ndio huu: seva, moduli, daemoni, halafu ndipo kumaunti. Kuzima ni kinyume chake, na UPS yako (betri ya akiba) iwe na muda wa kutosha wa kuondoa maunti kabla seva hazijalala. Huku kwetu stima hukatika bila kubisha hodi, kwa hiyo hili la UPS lichukulie kwa uzito uleule wa diski zenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo hukuuliza, ila litakufikia. `pvfs2-client-core` ni programu kama nyingine yoyote, hivyo memori ikiisha kerneli inaweza kuichagua iwe ya kuuawa. Hapa kwetu kazi moja ya kuunganisha picha ilimeza memori yote ya mashine, core ikauawa katikati ya kuandika. Mzazi aliiinua, ikauawa tena, ikaendelea hivyo hadi ile kazi ilipozimwa. Tangu hapo tuna `OOMScoreAdjust=-900` kwenye faili la huduma, na kazi nzito zinawekewa kikomo cha memori. Na usiweke swap (nafasi ya diski inayotumika kama memori ya ziada) juu ya mfumo huu kwa namna yoyote: kerneli itaihitaji daemoni ili ipate memori, wakati daemoni yenyewe inahitaji memori ili ijibu.

Aliyekwambia uhamie Lustre, mfumo mwingine wa mafaili wa aina hii, ana hoja, kwa sababu mteja wa Lustre anaishi ndani ya kerneli bila huyu wa katikati. Ila kwa seva nne na mtu mmoja wa kuzitunza, mimi ningebaki na OrangeFS. Core ikianguka unaiwasha tena bila kuizima mashine. Moduli ya kerneli ikianguka, mara nyingi mashine yote huenda nayo.

Ukishaondoa ule mstari wa `rc.local` na kuwasha upya mashine moja tu, bandika hapa matokeo ya `ps`, ya `lsmod | grep orangefs`, na mistari ya mwisho ya logi. Nitapitia jioni.